Manyoya ya Mtoto wa Nane

Sajini Kornelio alipiga magoti kwenye matope ya uani, akavua kofia, akaingiza kichwa chote ndani ya banda la mbwa.

"Afande, atakuuma!" Generoza alimwonya.

"Akiniuma nitakuwa na kisa cha kuandika. Hebu sogea kidogo mama, unanizibia mwanga."

Generoza alisogea. Alikuwa mke wa Donati, mtunza mbwa wa Shamba la Tano, lile shamba la mkonge lililo pembezoni mwa Kimamba. Donati mwenyewe alikuwa mahabusu Kilosa kwa kosa la kumuua mlinzi Yohana, na kesho asubuhi lori la polisi lingempeleka Morogoro kusomewa shitaka ambalo mwisho wake ni kamba. Kornelio alikuwa amehamia Kilosa juzijuzi tu kutoka Iringa. Jalada la Donati lilimwangukia mikononi likiwa limeshafungwa kwa uzi, na alipolisoma likamkaa vibaya kooni kama mwiba wa samaki.

Kisa chenyewe kilijulikana hata na wauza karanga wa stesheni. Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, wakati shamba zima liko kwenye mkutano wa hadhara wa chama, mchana kweupe, mtu alimpiga Yohana kwa nondo mbele ya stoo ya bunduki. Raifo mbili za kuulia nguruwe pori zikayeyuka. Donati hakuwepo mkutanoni. Alipoulizwa alisema alikuwa Mikumi, amempeleka mbwa wake jike wa kijivu, Greta, kupandwa na dume la kijivu la Mjerumani mmoja, daktari wa wanyama wa porini. Daktari akaulizwa? Wapi! Alikuwa ameshafunga virago kurudi kwao, na simu ya maandishi iliyomfuata haikujibiwa mpaka leo.

Basi Donati akaweka roho yake tumboni mwa mbwa. "Subirini Greta azae," aliwaambia polisi. "Huku kwetu hakuna dume la kijivu hata la dawa. Watoto wakiwa wa kijivu mtajua nilikuwa Mikumi."

Greta alizaa. Siku za kwanza watoto walikuwa na michirizi mgongoni, na nusu ya Kimamba ikaapa kwamba baba yao ni fisi. Michirizi ikafutika yenyewe, wakabaki wa kijivu, nyororo, macho ya samawati. Generoza alianza kulala usingizi. Kisha yule wa nane, kadiri alivyokua, akaanza kuota manyoya. Manyoya marefu! Masikio kama ushungi, mkia kama ufagio. Na katika Shamba la Tano mbwa mwenye manyoya marefu alikuwa mmoja tu, Kaniki, dume jeusi tii aliloliacha meneja wa zamani kabla serikali haijachukua shamba. Hapo nyapara mkuu, Oswald, akakumbuka jambo. Akaja kituoni kwa hiari yake akaeleza kwamba Jumamosi ile Greta hakwenda popote. Yeye Oswald alimwona na Kaniki, kwa macho yake mawili.

Mambo yakawa yamekwisha. Kwa watu wote isipokuwa Kornelio, ambaye sasa alikuwa akitoa watoto wa mbwa bandani mmoja mmoja na kuwapanga juu ya gunia. Greta alinguruma lakini akavumilia.

"Wanane," alisema. "Wote kijivu."

"Na huyu." Generoza alimnyooshea kidole yule wa manyoya, na sauti yake ikawa na chuki ya wazi. "Huyu nilitaka kumtupa mtoni, afande. Mume wangu ananyongwa kwa sababu ya nywele za mbwa!"

"Hajanyongwa. Na huyu usimguse, ni shahidi wangu. Siku ile wewe ulikuwa wapi?"

"Mkutanoni, kama watu wote. Nyapara Oswald ndiye aliyetufukuza majumbani, nyumba kwa nyumba, kila mtu aende. Donati alishaondoka na mbwa wake tangu alfajiri, amedandia lori la mbao ambalo dereva wake hakupatikana tena."

Aliyetajwa alikuwa anakuja. Oswald alikuwa mtu mpana, mcheshi, beji ya chama kifuani, na nyuma yake alitembea Kaniki akitingisha mkia mzito. Alikuwa mmoja wa watu wale ambao hucheka kwanza ndipo waseme.

"Ndugu Sajini! Bado unapekua mbwa? Sisi tulidhani polisi hupekua wezi."

"Naanza na wadogo, ndugu nyapara. Ulimwona wapi Greta siku ile?"

"Pale." Oswald alionyesha nyuma ya stoo ya bunduki, ukuta wa mabati uliokuwa hatua chache kutoka uani. "Nimesimama hapa hapa ulipo wewe. Jua la utosini. Kaniki na bibi harusi wake, hawana hata haya."

"Huna shaka alikuwa Kaniki?"

"Mbwa huyu? Naweza kumjua gizani. Na damu yake ina nguvu, ndugu yangu. Nenda stesheni ukaone watoto wake. Mama zao wa kahawia, wa njano, wa madoa, lakini yeye hutoa weusi watupu. Akipita tu, lami!"

Alicheka tena. Kornelio hakucheka. Mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa mtoto wa kijivu, na ghafla ukaacha kumpapasa. Weusi watupu! Alimtazama Kaniki, akawatazama wale wanane juu ya gunia, kisha akavaa kofia yake haraka kabla nyapara hajamsoma uso.

"Asante sana, ndugu Oswald," alisema. "Hujui ulivyonisaidia. Kesho asubuhi uwe kituoni mapema, wewe ndiye shahidi wetu wa kwenda Morogoro."

Stesheni ya Kimamba alikaa kitambo kidogo tu. Mtu wa kubadilisha reli alimwonyesha jike lake la kahawia, limejilaza chini ya behewa bovu, na watoto watano wanagombea maziwa. Hakuna wa kahawia. Hakuna wa madoa. Walikuwa weusi kama masizi, wote watano, na baba yao, mtu wa reli aliapa, ni Kaniki. Kornelio aliruka ndani ya Landrova akamwambia dereva akanyage.

Bwana Mifugo wa wilaya, Vitalis, walimkuta kwenye josho la Mabwerebwere, suruali imekunjwa magotini, harufu ya dawa imetapakaa hewani. Alikuwa mtu mkavu, asiyependa maneno mengi wala polisi, na alikuwa na sababu.

"Mliniletea mtoto mmoja ndani ya kikapu," alisema bila kugeuka, anamsukuma ndama majini. "Askari wako akaniuliza: huyu mwenye manyoya marefu, baba yake anaweza kuwa na manyoya marefu? Nikasema anaweza. Akashukuru, akaondoka."

"Na rangi?"

"Rangi hamkuniuliza. Nilimuuliza yeye mama ni rangi gani, akasema hajui, yeye katumwa manyoya."

"Mama ni kijivu. Watoto wanane, wote kijivu. Baba wanasema ni dume jeusi, ambalo kwa majike mengine hutoa weusi tu."

Sasa Vitalis aligeuka. Alimwacha ndama atoke majini mwenyewe. "Sema tena."

Kornelio alisema tena, taratibu, na akaona uso ule mkavu unaanza kupata uhai.

"Sikiliza, Sajini. Hawa ni mbwa wa Kijerumani, wanaitwa Vaimarana. Kijivu chao ni ukahawia uliopauka. Mtoto hawi vile mpaka apate ukahawia kwa baba na kwa mama, na ule upaukaji vilevile kwa baba na kwa mama. Kila upande ulete wake. Weusi hauna masharti hayo. Ukitoka upande mmoja tu, mtoto ni mweusi, umekwisha."

"Kwa hiyo Kaniki akimpanda Greta..."

"Lami. Kama alivyokwambia nyapara."

"Na kama Kaniki ana kijivu alichokificha ndani, hakionekani?"

Vitalis alimtazama kwa heshima mpya. "Swali zuri. Angekuwa nacho, angepata mmoja wa kijivu katika tumbo zima, labda wawili akibahatika. Wanane kwa wanane? Haiwezekani. Watoto wale baba yao ni kijivu kama mama yao."

Kornelio alipiga ngumi kiganjani. Alitamani kupiga kelele. Kisha akakumbuka sura ya mwendesha mashitaka, na furaha ikapungua kidogo.

"Wataniambia: na manyoya? Dume la Mikumi lilikuwa na manyoya mafupi. Greta ana manyoya mafupi. Marefu yametoka wapi, mbinguni?"

"Manyoya mafupi ndiyo yenye nguvu. Marefu hujificha," alisema Vitalis. "Baba na mama wote wawili wanaweza kuyabeba bila kuonekana, yakakutana kwa mtoto. Mimi najua hivyo, lakini hakimu hatalikubali neno langu tupu. Dume lile lina ndugu? Tumbo moja? Nipatie ndugu yake mmoja, wa kijivu, mwenye manyoya marefu, na mimi nitakwenda Morogoro kwa miguu kutoa ushahidi."

Barabara ya Mikumi ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo Kornelio alipanda gari moshi la mizigo linalokwenda Kidatu, amekaa juu ya magunia ya saruji na kuomba Mungu dereva asisimame njiani kununua mihogo. Alisimama mara mbili.

Nyumba za askari wa wanyamapori zilikuwa karibu na barabara kuu, kule malori ya Iringa yanakopumzika. Mpishi wa zamani wa daktari, Mama Bibiana, alikuwa akipepeta mchele barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Polisi tena? Mlishakuja mkaniuliza kama nilimwona mtu anaitwa Donati. Sikumwona. Jumamosi ile nilikwenda Kilosa kwenye kipaimara cha mjukuu, na askari walikuwa porini wakiwasaka majangili. Daktari alibaki peke yake."

"Leo sikuulizi mtu, mama. Nakuuliza mbwa."

Bibiana aliacha kupepeta. "Ala! Huyo ndiye ninayemjua. Bruno. Maskini hakukaa. Alifika Ijumaa jioni na Landrova kutoka Arusha, Jumapili kabla ya jua chui akamuua pale pale nyuma ya jiko. Nilirudi nikakuta daktari anachimba kaburi, analia kama mtoto."

Kornelio aliketi kwenye ngazi bila kukaribishwa. Ijumaa jioni. Jumapili alfajiri. Ijumaa ile Donati alikuwa kazini mpaka giza, watu chungu nzima walimwona, na Jumapili asubuhi polisi walimkamata nyumbani kwake. Ikiwa Bruno ndiye baba, alipanda Jumamosi, hakuna siku nyingine. Jumamosi yenyewe!

"Alisema lolote, huyo daktari?"

"Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alirudiarudia tu: bwana harusi amekufa, bwana harusi amekufa. Nikadhani huzuni imempanda kichwani."

Sajini alitaka kumkumbatia mama wa watu. Badala yake aliuliza lile lililomtoa Kilosa, na aliliuliza kwa woga, kwa maana jibu la hapana lingembakiza mikono mitupu.

"Huyo Bruno alikuwa na ndugu?"

"Kwani hujamwona? Kasa! Kasa, we!"

Kitu kilitoka chini ya gari bovu, kikajikung'uta vumbi, kikaja mbio. Alikuwa jike. Alikuwa kijivu, kijivu cha Greta kabisa, macho yaleyale ya kahawa ya maziwa. Na kutoka masikioni mpaka mkiani yalimning'inia manyoya marefu, laini, yamejaa mbigili.

"Alikuja na Bruno, Landrova moja," alisema Bibiana. "Tumbo moja, daktari aliniambia mwenyewe. Alishangaa sana huyu kutoka na nywele, maana wazazi wao wote walikuwa wa manyoya mafupi. Sasa mwanangu mbona unacheka peke yako?"

Kornelio alikuwa anacheka kweli, machozi yanamtoka, na Kasa anamlamba shingo.

"Mama," alisema, "naomba uniazime mbwa."

Asubuhi lori lilikuwa limeshawashwa mbele ya kituo cha Kilosa. Mkuu wa kituo, Inspekta Beda, alisimama kwenye ngazi na karatasi za safari, na kando yake Oswald, shati limepigwa pasi, beji inameta. Lori jingine, la vitunguu lililotoka stesheni, lilisimama ng'ambo ya barabara. Sajini Kornelio aliteremka nyuma, uchafu mtupu, ameshika kamba, na kwenye kamba mbwa wa kijivu mwenye nywele za bibi wa Kizungu.

"Sajini," Beda alisema polepole, "niambie sijaanza kuota."

"Afande, huyu ni shangazi wa watoto wa Greta. Naomba muda kidogo kabla lori halijaondoka. Bwana Mifugo yuko njiani, ataeleza vizuri kuliko mimi."

Alieleza mwenyewe hata hivyo, palepale ngazini, kwa haraka ya mtu ambaye hajalala: wanane wa kijivu, weusi wa stesheni, Bruno aliyeishi Mikumi Jumamosi moja tu. Beda alisikiliza mikono nyuma. Mwisho alimtazama Kasa, akayachambua manyoya yake kwa vidole, akaguna. Kisha akamwambia dereva azime injini.

"Inawezekana nilikosea," Oswald alisema, na safari hii alisahau kucheka kwanza. "Labda nilimwona mbwa mwingine. Mambo ya mbwa hayo, Ndugu Inspekta. Mtu huoni vizuri ukiwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?" aliuliza Kornelio.

"Mkutanoni."

"Siku Yohana alipouawa uliandikisha kwamba ulikuwa mkutanoni mwanzo mpaka mwisho. Mtoto wa nane alipoota manyoya ukaandikisha kwamba saa hiyohiyo ulikuwa uani, nyuma ya stoo ya bunduki. Jana ukanionyesha mpaka uliposimama. Maelezo yote mawili ni yako. Chagua moja."

"Nilikuwa mkutanoni."

"Basi Greta ulimwona vipi?"

Kijasho chembamba kilimtoka nyapara juu ya mdomo. "Nilitoka mara moja. Kujisaidia tu."

"Ukapita uani."

"Nikapita uani."

"Greta hakuwepo uani, ndugu Oswald, alikuwa Mikumi na bwana harusi wake. Kwa hiyo uani mlikuwa wewe na Yohana. Alikuwa anafanya nini Yohana ulipopita?"

"Sikumfanya kitu!" Oswald alipaza sauti, akamgeukia Beda, akamgeukia dereva, kana kwamba mmoja wao angemtetea. "Wallahi sikumfanya kitu! Nilipofika nilimkuta ameshalala chini, nondo iko pembeni yake, nikaogopa, nikarudi!"

Rekodi zilisema Yohana aligunduliwa na wafagiaji baada ya mkutano, naye nyapara alikuja mbio pamoja na wengine, akapiga yowe kubwa kuliko wote.

"Kwa hiyo ulifika," alisema Kornelio kwa upole. "Baada ya kuwafukuza watu wote majumbani waende mkutanoni. Na miezi yote hii umekaa kimya, mwenzako yuko ndani."

Oswald aliketi kwenye ngazi ya kituo, beji yake imepinda.

Inspekta Beda alikunja karatasi za safari mara mbili, akazitia mfukoni. Kituo cha Kilosa kilikuwa na chumba kimoja tu cha mahabusu, na askari wa zamu alikuwa ameshasimama na funguo mkononi, akingoja amri.

"Fungua," Beda alimwambia. "Mmoja anatoka, mmoja anaingia."